Zawadi ya sikukuu isiyoacha takataka uani: maelekezo ya fundi cherehani wa Ngamiani

Kuanzia katikati ya Desemba meza yangu ya cherehani hapa Ngamiani, Tanga, huwa nusu ya kushonea na nusu ya kufungia zawadi. Wateja wanakuja na seti za vikombe, viatu vya watoto, saa za ukutani, na kwapani wamebana karatasi ya kung'aa waliyoinunua njiani. Idi mambo ni yale yale, ila Idi wote wanakuja usiku mwezi ukishaandama na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Kazi hii naipenda. Karatasi ile ndiyo siipendi, na huwaambia wenyewe bila kuficha.

Ukitaka kujua kwa nini, kata kipande kidogo, kifinyange kiganjani kiwe donge, kisha fungua mkono. Kikibaki donge, hiyo ni karatasi kweli. Kikianza kujikunjua chenyewe, kina nailoni ndani yake. Nailoni ile haiozi. Ukilima kitalu cha mchicha uani mwaka ujao utaikuta inakungoja, na ukiichoma jalalani moshi wake unaingia jikoni kwako na kwa jirani. Mifuko ya plastiki tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar walitutangulia tangu 2006 na Kenya wakafuata Agosti 2017, lakini karatasi ya zawadi si mfuko, kwa hiyo imebaki dukani ikimeta.

Mimi nina sharti moja tu mezani: kifungashio ama kitumike tena, ama kioze. Na usinunue kipya kama nyumbani kuna cha kufaa. Nimewaona watu wakilipia vikapu vidogo vya kutoka ng'ambo vyenye maandishi ya kulinda mazingira, na hapo Mgandini sokoni mama amekaa na vikapu vya ukili alivyosuka mwenyewe. Hilo mimi silielewi.

Furushi la kitambaa

Nianze na kitambaa, maana ndiko niliko na ndiko kwenye raha. Watu wa pwani hatujafundishwa na mtu kufunga vitu kwa nguo. Bibi zetu walifunga mahari, dawa, mchele na siri kwenye pembe ya kanga. Kilichobaki ni kujua vipimo.

Kwa zawadi ndogo, kitabu au boksi la vikombe vinne, unahitaji kitambaa cha mraba cha sentimita 70 kwa 70. Kwa zawadi nyingine yoyote pima hivi: mstari wa kitambaa kutoka pembe hadi pembe ya mkabala uwe mara tatu ya urefu wa zawadi. Ukipungua hapo fundo litakuwa dogo na litafunguka njiani. Ukizidi sana utapata furushi lenye masikio kama sungura. Wengine wanayapenda hayo masikio, mimi sina neno.

Tandaza kitambaa uso chini, pembe moja ikutazame wewe kifuani. Weka zawadi katikati. Chukua pembe iliyo karibu nawe, ifunike zawadi, na ncha yake uichomeke chini ya boksi. Pembe ya mbele nayo ilete kwako, ipite juu, ikibaki ncha ikunje ndani. Sasa umebaki na mikono miwili, wa kushoto na wa kulia. Ivute, uinyooshe mikunjo kwa vidole, kisha funga juu katikati: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande ule ule mara mbili utapata fundo la kukaa upande na litateleza. Ukifuata mpangilio huo fundo linalala sawasawa, na mpokeaji akivuta ncha moja kwa nguvu kwenda nyuma linaachia bila mkasi.

Chupa ya asali ya Handeni au ya mafuta ya nazi ifunge kwa kuisimamisha katikati ya kitambaa. Pembe mbili zinazotazamana zifunge juu ya kizibo. Mbili zilizobaki zipishane nyuma ya chupa, zizungushe mpaka mbele, ukaze kiunoni. Umeshapata na mpini wa kubebea.

Kitambaa chenyewe si lazima kiwe kipya. Nenda kwa fundi yeyote jioni, muulize mabaki ya vitenge. Sisi tunayajaza kwenye viroba na mengi tunaishia kuyatupa. Vipande vidogo nakushonea kwa kuviunga, vya rangi yoyote, na pembezoni napinda nusu sentimita ili visifumuke. Shuka lililochanika katikati bado pembeni ni zima. Shati la mzee lililochoka kola, mgongo wake ni mraba mzuri kabisa.

Mfuko wa kamba nao unafaa kwa vitu visivyo na umbo, kama mdoli, mpira au viatu. Kata vipande viwili vya sentimita 28 kwa 38, vikutanishe uso kwa uso, shona pande tatu, ila juu acha sentimita sita pande zote mbili bila kushona. Kunja kile kilichoachwa kiwe njia ya kamba, pitisha kamba, geuza. Asiye na cherehani ashone kwa mkono usiku mmoja akisikiliza redio. Mtoto atautilia kalamu, au kandambili za kwenda madrasa.

Sasa kanga

Kanga ina mambo yake. Kwanza, usiikate. Nimeshaletewa doti nzima ya kanga mpya niikate vipande vya kufungia zawadi nikakataa kazi, na pesa nilikuwa naihitaji. Doti ni vipande viwili. Vitenganishe, uvipinde, halafu kipande kimoja kikunje kiwe zawadi ndani na cha pili kiwe kifungashio nje. Mpokeaji akishafungua ana doti yake kamili na hakuna kilichotupwa, hata uzi.

Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Kwa kufunga kwa pembe kama nilivyoeleza juu, kunja sentimita 40 upande mmoja upate mraba wa 110. Inabeba sufuria yenye mfuniko wake au blanketi la mtoto. Lakini ukifunga hivyo jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye kanga, linapotelea mikunjoni, na mwanamke wa pwani akipewa kanga kitu cha kwanza anatafuta jina. Kwa hiyo, zawadi ikiwa bapa, fanya hivi. Tandaza kanga uso chini, upande wenye jina uwe kwako. Zawadi iweke katikati. Funika kwanza kwa upande wa mbele, ule wa juu. Kisha nyanyua upande wako uulaze juu yake: jina litatokea katikati kabisa, wewe utaliona kichwa chini, na aliyekaa mbele yako atalisoma. Ncha za kushoto na kulia zipeleke chini ya zawadi, geuza, funga fundo mgongoni.

Na jina lisome kabla hujafunga. Hili nalisema kwa msisitizo. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" umpelekee mama mkwe siku ya Idi, hapo umeanzisha kikao cha ukoo. "Wema hauozi" inampendeza kila mtu. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" haijawahi kumkera yeyote ninayemjua, mpe hata bosi. Akina dada wa mjini siku hizi wanachagua kanga kwa rangi tu ilingane na mapambo ya sebuleni, wanasahau kwamba nguo inasema.

Je, kitambaa kirudishwe? Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na watu wengine wanadhani furushi ni hivyo hivyo, wanabaki na kitambaa cha mtu roho inawasuta. Waondolee wasiwasi. Andika kwenye kadi: "Na kitambaa ni chako." Kama unakitaka, sema pia, hakuna aibu. Wapo dada wawili wateja wangu wanaofungiana kwa kipande kile kile cha kitenge, kinakwenda kwa huyu Krismasi na kinarudi kwa yule Pasaka.

Karatasi zilizomo nyumbani

Wasiopenda kitambaa, au zawadi za watoto wengi kwa pamoja, watumie karatasi. Desemba ndiyo mwezi wa kalenda. Ya mwaka unaoisha ina karatasi kubwa, ngumu, na mgongo wake ni mweupe. Geuza nyeupe nje. Mfuko wa karatasi wa unga wa ngano ufumue gundi, ugeuze ndani nje, utafungia zawadi ndogo. Daftari la hesabu la mtoto lililojaa, hasa kurasa zenye vema nyekundu za mwalimu, mfungie bibi yake. Bibi ataitunza karatasi kuliko kilichomo.

Gazeti linafaa ila lina adabu zake. Epuka ukurasa wa ajali na wa matangazo ya vifo. Chagua michezo, au vibonzo. Wino wake unapaka, kwa hiyo nguo nyeupe itangulie kuviringishwa kwenye karatasi safi. Na chakula kisiguse gazeti. Najua vitumbua tumevila kwenye gazeti miaka yote. Kisiguse.

Mifuko ya saruji ya karatasi ni kitu cha thamani ambacho mafundi ujenzi wanakichoma. Karatasi yake ni ya khaki, imara, na mara nyingi ina tabaka zaidi ya moja. Chukua tabaka lisilogusana na saruji, lipeleke nje upande upepo unakokwenda, funga pua kwa kitambaa, ulikung'ute, kisha ulifute kwa kitambaa chenye unyevu na ulianike. Vumbi la saruji linawasha ngozi na kuumiza macho, hivyo kazi hii watoto wasisogee. Ikikauka ipige pasi ya moto mdogo. Hiyo itumie kwa vitu vya chuma, vitabu, zana; si kwa chakula wala nguo za mtoto mchanga.

Selotepu hutaihitaji ukijua kukunja. Zungusha karatasi ipishane katikati angalau vidole vitatu, kunja ukingo wa juu mara mbili, chomeka. Pande mbili zikunje kama bahasha, kisha kamba ndiyo ikamate kila kitu. Ukilazimika kubandika, pika gundi: vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi, koroga pasiwe na madonge, weka motoni ukikoroga mpaka ing'ae na kushikana. Iache ipoe. Paka kidogo tu kwa kidole. Gundi hii ni chakula, kwa hiyo sisimizi na mende wataitafuta. Zawadi iliyobandikwa hivyo usiiache chini ya kitanda wiki nzima. Bandika jioni, peleka asubuhi.

Khaki ikionekana kavu, wape watoto mihuri. Bamia ikikatwa katikati inapiga ua lenye pembe tano, zuri kuliko lile la dukani. Kiazi kinachongwa nyota au mwezi. Rangi ni manjano yaliyochemshwa na maji kidogo, choya kwa wekundu, mkaa uliosagwa na gundi ile ile kwa weusi, na hina kwa kahawia. Manjano yanapauka juani, yaweke kivulini. Waandae watoto nguo za zamani, maana mkono wa manjano ukigusa shati la Krismasi mama atakumbuka jina langu vibaya.

Kamba, harufu na kadi

Utepe wa plastiki sina haja nao na niko Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hapa ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo yakaja mashamba yote unayoyaona ukitoka mjini, na kamba ya katani ikawa kitu cha kila duka la vifaa. Nunua ile nyembamba. Ikiwa ngumu, iloweke dakika chache na uipitishe mkononi ikiwa na unyevu. Fumua ncha zake ziwe shada, zichane kwa kitana cha zamani, utapata pindo laini kama nywele. Singa zenyewe zisizosokotwa jaza ndani ya boksi lenye glasi au vyungu. Makumbi ya nazi yaliyopondwa pia yanafanya kazi hiyo, ila yakung'ute kwanza.

Juu ya fundo chomeka kitu cha hapa. Kijitawi cha mvinje kina sura ya Krismasi kabisa, na vile vitunda vyake vidogo vinafanana na vya miti ya ulaya kwenye kadi. Karafuu chache zilizofungwa kwenye kipande cha shashi zinanukia mpaka Januari. Kwa Idi hakuna kinachoshinda kikuba: asumini, rehani, mkadi kama umeupata. Kikuba kinanyauka, hivyo funga zawadi usiku na ukiweke asubuhi unapotoka.

Kadi usinunue. Boksi la dawa ya meno au la sabuni likate, upande wa ndani ni wa khaki au mweupe, toboa kwa msumari, pitisha kamba. Unga wa kumetameta achana nao, ni plastiki iliyosagwa, na utaukuta kwenye mkeka hadi mfungo mwingine.

Zawadi ya chakula

Hapa ndipo watu wanapokimbilia nailoni, na ndipo sisi tuna vyombo vingi zaidi ya mahali popote. Sinia la visheti na kashata lifunike kwa kawa, ulifunge kwa kanga kutoka chini, umepeleka zawadi tatu kwa mpigo. Jani bichi la mgomba lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, hapo halipasuki tena; funga mkate wa kumimina au samaki wa kukaanga, kaza kwa ugwe wa mgomba. Chakula chenye mafuta yanayotiririka, halua kwa mfano, kipe bakuli lenye mfuniko, na bakuli liwe sehemu ya zawadi. Viungo vizima viweke ndani ya kifuu: kata nazi kwa msumeno katikati, kwangua, kausha, paka mafuta, rudisha vipande viwili pamoja na uzungushe katani. Sabuni ya mkono iviringishe ndani ya dodoki lililochanwa upande mmoja.

Na machungwa ya Muheza yapelekwe kwa pakacha. Kijana anayepanda minazi atakusukia moja kwa majani mawili ya mnazi kabla maji ya kahawa hayajachemka. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, walisema, kwa hiyo vitu vidogo kama ndimu visitiwe humo. Pakacha likikauka linawasha jiko.

Karatasi ya kung'aa uliyonayo tayari

Kama ipo kabatini, usiitupe ili ununue cha "kijani". Itumie, lakini funga kwa kamba bila gundi, ifunguliwe ikiwa nzima, ikunjwe, irudi kabatini. Siku yenyewe, iwe asubuhi ya Krismasi au tarehe 26, ambayo kwenye kalenda zetu ni Siku ya Kufungua Zawadi, weka kapu moja katikati ya chumba. Kamba, vitambaa na karatasi nzima viingie humo watoto wanapofungua. Wakishaanza kuchezea zawadi huwezi tena kuwaomba chochote.

Mzigo wa basi

Zawadi nyingi za hapa zinakwenda Dar au Moshi kwa basi, na buti la basi halina huruma na fundo la kupendeza. Furushi lako liingize ndani ya kikapu cha ukili chenye mifuniko au kisicho nayo, ujaze makumbi pembeni lisichezecheze. Mdomo wa kikapu ushone kwa shazia na katani, mishono mirefu ya kupishana, ncha zifungwe upande mmoja ili mpokeaji ajue pa kukata. Jina na namba ya simu yake viandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, nacho ukishone ubavuni, kisibandikwe, maana gundi ikipata joto la buti inaachia. Kingine kama hicho kitie ndani, juu kabisa, endapo cha nje kitang'oka. Kikapu kipige picha umtumie mpokeaji kabla basi halijaondoka stendi, halafu umwambie aje kituoni na mkasi mdogo, kwa sababu atataka kufungua hapo hapo.